Kusoma kozi ya sayansi ya ustawi mpaka ikusaidie kweli: mwongozo kwa anayeanza

Maswali yanayonijia ni yale yale. Ile kozi ya furaha naipataje, ni bure au ya kulipia, lazima niwe nimesoma saikolojia, nikimaliza ndo ntakuwa na furaha au vipi? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nikaona bora niandike yote sehemu moja. Soma mpaka mwisho kwanza alafu ndo ujisajili, maana kosa kubwa kuliko yote watu wanalifanya siku ya kwanza, kabla hata video ya kwanza haijaisha.

Kwa ambaye hajaisikia: mwaka 2018 mwalimu wa saikolojia wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, anaitwa Laurie Santos, alifungua darasa la kufundisha utafiti unasema nini kuhusu maisha mazuri. Wakajisajili wanafunzi kama 1,200, karibu robo ya wanafunzi wote wa shahada ya kwanza pale, likawa darasa kubwa kuliko yote katika historia ya chuo ambacho kipo tangu 1701. Mwaka huo huo ikatoka ya mtandaoni kwenye Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, kwa jina The Science of Well-Being na mpaka leo mamilioni ya watu wameshajiandikisha. Sio pekee, chuo cha Berkeley, Marekani, wana yao kwenye edX, tovuti nyingine ya kozi, iliyoanza 2014, wanaifundisha Dacher Keltner na Emiliana Simon-Thomas, na kule Bristol, Uingereza, Bruce Hood ana somo kama hilo tangu 2018. Hatua za hapa chini nimezifuata kwenye ile ya Santos ila zinakufaa kwa yoyote kati ya hizo, hata kama chuo chako chenyewe kina somo la namna hii.

Sasa kitu kimoja ambacho mimi ningeambiwa mwanzoni ningeokoa miezi. Video sio kozi. Mara ya kwanza niliziangalia zote ndani ya siku tano, usiku kwa usiku kama mtu anafuatilia tamthilia, kwizi zote nikapasi, majina ya watafiti nikayajua na miaka yao, na maisha yakabaki pale pale, nikaamini haya ni maneno matupu. Mwaka uliofuata nikarudia, safari hii mazoezi, yaani vile vitendo vidogo vya kufanya kila wiki ambavyo kozi inakupa, ndo nikayapa nafasi kubwa na video zikawa kitu cha pembeni, na hapo ndo nikaona tofauti, kwanza kwenye usingizi alafu kwenye jinsi ninavyoongea na watu wa nyumbani. Santos mwenyewe analisema hili mapema kabisa kwenye kozi, kwamba kujua jambo hakubadilishi tabia ya mtu. Nililisikia, nikaliandika, nikalipita.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Muda wa wiki 10. Video ukizigawanya ni kama saa 2 kwa wiki, ila weka pembeni dakika 10 mpaka 30 kila siku kwa ajili ya mazoezi. Kama wiki mbili zijazo una mitihani au unahama nyumba, subiri zipite.

Simu au kompyuta yenye intaneti ya kueleweka, pamoja na anwani ya barua pepe unayoifungua kweli.

Daftari la karatasi na kalamu. Unaweza kutumia simu lakini mi nakushauri karatasi, kwa sababu ukifungua simu uandike mambo matatu ya kushukuru, meseji ya kwanza utakayoiona inakuondoa pale na hurudi tena.

Mtu mmoja wa kumpa taarifa. Sio lazima asome na wewe, inatosha awe mtu wa kukuuliza kila Jumapili "umefanya?"

Kiingereza cha kusikiliza kiasi, saikolojia huhitaji hata tone.

Na hili naomba ulisome taratibu: kozi hii haitibu sonona. Kama una wiki kadhaa hulali, huli, hakuna kitu kinachokugusa, au unapata mawazo ya kujidhuru, nenda kwa daktari au mshauri wa afya ya akili sasa hivi, kozi itakusubiri. Nakwambia hivi kwa sababu wapo watu wanaingia wakiwa wagonjwa, wanaandika shukrani zao wiki nzima, hawapati nafuu, alafu wanajilaumu kwamba hata kushukuru wameshindwa. Anayeumwa anahitaji tiba, na kuumwa sio kukosa shukrani.

Hatua kwa hatua

1. Amua unatafuta neno gani

Hii hatua haimo kwenye kozi yoyote, nimeiongeza kwa ajili yetu tunaofikiri kwa Kiswahili. Dodoso nyingi, yaani zile karatasi za maswali ya kujipima, zinauliza kuhusu neno moja la Kiingereza, happiness, sisi tuna maneno zaidi ya moja na kila moja lina kazi yake. Raha ni ya sasa hivi, ya mwili au ya starehe. Furaha inakuja na kuondoka. Kuridhika ni ukikaa ukayatazama maisha yako yote ukasema haya yanatosha. Amani ya moyo ni kitu kingine tena, mtu anaweza kuwa nayo hata kwenye msiba. Na ustawi ndo unabeba yote haya pamoja na mahusiano na kuona maisha yana maana. Watafiti nao wanatenganisha, wanapima hisia nzuri mbali, hisia mbaya mbali, na kuridhika na maisha mbali, kwa sababu haviendi pamoja siku zote. Mzazi mwenye mtoto mchanga anaweza kuwa na raha kidogo sana na kuridhika kwingi sana.

Kwahiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika: kati ya hivi, mimi nimepungukiwa na nini? Sentensi mbili tatu zinatosha. Utazirudia mwishoni.

2. Jisajili, na usome ukurasa wa malipo kwa makini

Tafuta kozi kwa jina lake, fungua akaunti. Karibu kozi zote za namna hii zinatofautisha kusoma tu na kusoma kwa cheti, cheti ndo kinalipiwa. Masharti yanabadilika mara kwa mara kwahiyo soma kilichoandikwa siku hiyo, hasa maandishi madogo chini ya kitufe kikubwa, usiweke kadi ya benki kabla hujajua ni lini utaanza kukatwa. Kama unahitaji cheti na pesa huna, Coursera wana ombi la msaada wa ada, unajaza fomu unaeleza hali yako na kwa nini unataka kusoma, lakini majibu yanachukua kama wiki mbili, usiombe leo ukategemea kuanza kesho.

Cheti kina maana kama kazini wanakihitaji. Kama sio hivyo achana nacho.

3. Jipime KABLA ya video ya kwanza

Hapa ndo kosa la siku ya kwanza nililosema. Watu wanaruka dodoso kwa sababu linaonekana kama makaratasi ya utangulizi, wanakimbilia kwenye video, alafu baada ya wiki 10 hawana cha kulinganisha, wanabaki na "naona kama nimebadilika hivi". Ukishaangalia hata video tatu majibu yako yanaanza kuchafuka maana umeshajua kinachotafutwa.

Kozi itakupa dodoso lake, lijaze. Ongeza na kipimo kifupi cha kuridhika na maisha alichokitengeneza Ed Diener na wenzake mwaka 1985, kina sentensi tano tu, kila moja unajipa kuanzia 1 mpaka 7, ukijumlisha unapata kati ya 5 na 35, na 20 ndo katikati. Andika alama na tarehe kwenye daftari alafu funga, usirudie mpaka mwisho. Kuna mtu najua alikuwa anajipima kila asubuhi, akawa alama zikishuka mbili siku nzima inaharibika kwa sababu ya hizo alama mbili.

Katika wiki hiyo hiyo utafanya dodoso la nguvu za tabia, zipo 24, kama udadisi, uvumilivu, upendo, ucheshi, haki. Linachukua kama robo saa. Jibu jinsi ulivyo, sio jinsi unavyotamani kuwa.

4. Weka saa ya kudumu

Chagua kitu ambacho tayari unakifanya kila siku bila kufikiri, kupiga mswaki, kutoka kuswali au kusali, kufunga mlango usiku, alafu lishikize zoezi hapo. "Nikipata muda" haijawahi kumfikisha mtu wiki ya tatu.

5. Video: chache, polepole, kwa swali moja

Angalia kwa kiasi cha wiki hiyo tu hata kama una hamu. Kila video ikiisha andika jibu la swali moja: hii inanitaka nifanye nini tofauti kesho? Kama haina jibu, sawa, endelea.

Nusu ya kwanza ya kozi ni kuhusu vitu tunavyodhani vitatupa furaha na havitupi, au vinatupa kidogo na kwa muda mfupi kuliko tulivyotegemea: mshahara mkubwa, vitu vipya, mwonekano, alama za shuleni. Sababu kubwa ni kwamba akili inazoea. Wazee walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda, watafiti wamekuja kupima huo unyemi unadumu muda gani. Sababu ya pili ni kujilinganisha. Kuna utafiti wa 1995 wa Medvec, Madey na Gilovich walioangalia nyuso za washindi wa olimpiki za Barcelona 1992, wakaona waliopata shaba wanaonekana na furaha kuliko waliopata fedha, kwa sababu wa fedha anatazama dhahabu aliyoikosa na wa shaba anamtazama yule ambaye hakupata kitu. Ukiielewa hiyo tu umeelewa karibu wiki mbili za kozi.

6. Mazoezi, na hapa ndo nataka ukae muda mrefu

Kila wiki unapewa zoezi moja au mawili. Fanya la wiki hiyo, usiongeze. Haya ndo makubwa na namna ya kuyafanya yasikuchoshe.

Kufaidi. Chagua kitu kimoja kwa siku, kuoga, upepo wa jioni, wimbo, na ukifanye bila kufanya kingine chochote juu yake. Kama unaweza mwambie mtu kuhusu hicho kitu. Linaonekana dogo mno kiasi cha kudharaulika, na ndo zoezi lililonionyesha kwamba nilikuwa nakula chakula changu chote nikiwa natazama skrini.

Shukrani. Mwaka 2003 Emmons na McCullough waliwapa watu kazi ya kuandika mambo mpaka matano ya kushukuru, na walijisikia vizuri zaidi kuliko walioandika kero zao. Lakini sikiliza hii: kwenye utafiti wa Sonja Lyubomirsky na wenzake, walioandika mara moja kwa wiki ndo waliopanda, walioandika mara tatu kwa wiki hawakupanda. Maelezo yao ni kwamba ukizidisha inakuwa kazi ya kujaza. Kwahiyo kozi ikikwambia kila usiku kwa wiki moja, fanya hiyo wiki, ila ukija kulichukua la kudumu jaribu mara moja au mbili kwa wiki. Na uandike kitu mahususi. "Nashukuru kwa familia" ukiiandika siku ya nne haikugusi tena. "Dada kanipigia alivyosikia sauti yangu haiko sawa" hiyo inakugusa.

Wema. Hapa ni kinyume kidogo, Lyubomirsky na wenzake waliona matendo matano ya wema ukiyafanya siku moja yanafanya kazi kuliko ukiyatawanya wiki nzima, pengine kwa sababu yakitawanyika hata wewe mwenyewe huyaoni. Chagua siku yako. Matendo madogo yanatosha, na kama ni pesa kiasi sio kitu, mwaka 2008 Dunn, Aknin na Norton waliwapa watu dola 5 au 20, wengine wajitumie na wengine watumie kwa ajili ya mtu mwingine, jioni waliotumia kwa wengine ndo walikuwa na furaha zaidi na dola 5 zilifanya kazi sawa na 20.

Mahusiano. Ongea na mtu mmoja usiyemjua kila siku, na mtafute mmoja unayemjua mliyepoteana. Watu wapole wanaliogopa hili kuliko yote. Epley na Schroeder walifanya majaribio kwenye treni na mabasi ya Chicago, watu walitabiri kwamba kuongea na jirani wa kiti kutawaharibia safari, waliopewa kazi ya kuongea wakafurahia safari kuliko waliokaa kimya. Anza na kumshukuru mtu aliyekuhudumia kwa kumtazama usoni. Pale ambapo unahisi sio salama usiongee na mgeni yeyote, hakuna zoezi linalostahili hilo.

Usingizi na mwili. Lala kwa muda wa saa 7 au zaidi, simu iwe mbali na kitanda, na dakika 30 za kutoka jasho au hata kutembea haraka. Sina la kuongeza, ila nimeona wengi wanalipuuza hili kwa sababu halina mvuto, kisha wanashangaa shukrani haziingii. Mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tu kichwa chake hakina nafasi ya kushukuru.

Kutulia na pumzi. Dakika 10, kaa, fuata pumzi, akili ikiondoka irudishe. Itaondoka. Killingsworth na Gilbert mwaka 2010 waliwauliza watu wazima 2,250 kupitia simu zao kwa nyakati za ghafla, wakakuta asilimia 46.9 ya muda akili haipo kwenye kile wanachofanya, na nyakati hizo watu hawakuwa na furaha sana. Kurudisha akili ndo zoezi lenyewe, kwahiyo ikiondoka mara hamsini umepata nafasi hamsini za kufanya zoezi.

Barua ya shukrani. Mwandikie mtu aliyekufanyia jambo kubwa ambaye hujawahi kumshukuru vizuri, kama ukurasa mmoja hivi, eleza alifanya nini na ilibadilisha nini kwako, alafu nenda ukamsomee uso kwa uso. Usimwambie unaenda kufanya nini. Kwenye utafiti wa Seligman na wenzake wa 2005 hili ndo lilipandisha furaha kuliko mengine yote waliyojaribu, ila lilidumu kama mwezi tu, wakati kuandika mambo matatu mazuri ya siku, pamoja na kutumia nguvu yako ya tabia kwa namna mpya, yalifika miezi sita. Mi nilimsomea mwalimu wangu wa darasa la sita. Nilitetemeka mistari miwili ya kwanza, alafu yeye akaanza kulia, tukakaa mpaka giza likaingia. Usiiruke hii barua.

7. Chagua MOJA la wiki nne

Mwisho wa kozi unatakiwa kuchukua zoezi moja tu na kulifanya wiki nne mfululizo. Hapa watu wanachagua lile linaloonekana la maana sana, wanaacha lile walilolifurahia. Chagua ulilolifurahia.

Alafu panga kikwazo chako mapema. Gabriele Oettingen ametafiti miaka mingi na amekuta kuota ndoto nzuri peke yake kunapunguza nguvu ya kufanya, lazima uiweke ndoto pembeni ya kikwazo. Andika mistari minne: nataka nini, nikipata itakuwaje, ndani yangu mimi nini kitanizuia, na kikija ntafanya nini. Mfano: nataka kulala saa nne usiku, asubuhi ntaamka bila kichwa kizito, kikwazo ni kwamba nikishika simu kitandani sitoki, kwahiyo ikifika saa tatu na nusu naiacha simu ichajiwe sebuleni. Kikwazo kiwe cha ndani yako. Ukiandika "majirani wana kelele" umeandika malalamiko, mpango wa kufanya kitu hapo hakuna.

8. Jipime tena

Dodoso lile lile, siku ya kawaida, sio siku ya sherehe wala siku uliyogombana na mtu. Linganisha na ukurasa wa kwanza wa daftari.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kufanya mazoezi yote saba kwa wiki moja. Siku ya nne umechoka, siku ya saba umeacha yote.

Kugeuka mhubiri. Wiki ya pili mtu anaanza kumwambia mwenye shida zake "wewe shukuru tu". Aliyefiwa au aliyeachishwa kazi haihitaji sentensi hiyo, na kozi haikufundishi hivyo. Hisia mbaya zina kazi yake, hasira inakuonyesha umeonewa, huzuni inakuonyesha ulipenda.

Kumeza kila utafiti mzima mzima. Sayansi hii bado ni changa na baadhi ya mambo yamebadilika tangu video zirekodiwe. Ule utafiti maarufu wa 1978 wa washindi wa bahati nasibu na waliopooza kwa ajali, watu wanausimulia kama vile wote walirudi kuwa sawa, wakati washindi walikuwa 22 tu na waliopooza walikuwa na furaha chini kuliko watu wa kulinganishwa nao. Na mwaka 2023 Folk na Dunn walipopitia ushahidi wa mbinu zinazopendekezwa sana, walikuta majaribio makubwa yaliyofanywa kwa viwango vikali ni machache, hasa kwa upande wa mazoezi ya mwili na kutafakari. Haimaanishi uache. Inamaanisha jaribu kwa mwili wako na uandike matokeo.

Ukikwama

Dedilaini zimepita. Kwenye kozi nyingi za mtandaoni unaweza kuzisogeza, kuna kitufe cha kupanga upya tarehe. Usirudi kuanza video ya kwanza, rudi kwenye zoezi la mwisho ulilolifanya.

Intaneti inakata. Daunlodi video za wiki nzima kwenye programu ya simu ukiwa sehemu yenye mtandao mzuri, au soma maandishi ya video, huwa yapo chini yake na ni mepesi sana kufunguka.

Kiingereza kinakimbia. Washa maandishi ya chini na upunguze spidi. Kisha mweleze mtu kwa Kiswahili ulichoelewa, ukishindwa kukieleza hujakielewa bado.

Wiki ya tatu na sihisi chochote. Kawaida. Angalia daftari kwanza, umefanya siku ngapi kati ya saba? Mara nyingi jibu ni mbili. Kama ni sita kweli na hakuna kitu, badilisha zoezi, halikufai.

Alama zimeshuka badala ya kupanda. Kwanza tazama maisha yanasemaje, kama umepatwa na jambo zito alama kushuka ni ukweli na sio kosa lako. Pili wapo ambao wakianza kutulia ndo wanagundua jinsi walivyochoka. Ila ikiendelea kushuka wiki baada ya wiki, rudi kule juu nilikoandika kuhusu daktari.

Nikifumba macho kutafakari nazidiwa na hofu. Acha. Kuna watu kutulia kunawaletea kumbukumbu mbaya. Fumbua macho, tembea, hesabu hatua, au chukua zoezi lingine kabisa.

Niliyetaka kumwandikia barua amefariki. Iandike hivyo hivyo, msomee mtu aliyempenda kama wewe. Nimeona mtu akimsomea shangazi yake barua ya bibi, wote wawili walibaki na kitu.

Video inasema pesa haiongezi furaha ukivuka kiwango fulani, mbona siamini? Una haki ya kuuliza. Mwaka 2010 Kahneman na Deaton walipata kwamba hisia za kila siku za Wamarekani zinaacha kupanda karibu na dola 75,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 Killingsworth akapata zinaendelea kupanda. Badala ya kurushiana maneno Kahneman na Killingsworth wakakaa pamoja, 2023 wakatoa jibu la pamoja: kwa walio wengi zinaendelea kupanda, kinachosimama ni kwa lile kundi dogo la wasio na furaha kabisa. Na kwa mtu ambaye hana ya kutosha mahitaji, pesa inasaidia sana, hakuna mtafiti makini anayebisha hilo, usikubali mtu akutumie kozi hii kukuambia uridhike na njaa.

Nimemaliza, cheti ninacho, miezi minne baadae nimerudi nilipokuwa. Hili ndo swali la mwisho na ndo naloulizwa kwa sauti ya unyonge kuliko yote. Wale wa Bristol waliwafuatilia wanafunzi wao, matokeo yakatoka 2024: kozi iliwapandisha kwa asilimia 10 mpaka 15, ila walipoangaliwa tena baada ya miaka miwili, walioendelea na mazoezi, kama nusu hivi, ndo waliobaki juu, wengine walirudi walipoanzia. Kwahiyo ukirudi nyuma huna haja ya kusoma kozi upya. Fungua daftari, tafuta lile zoezi moja la wiki nne, andika saa utakayolifanya leo, na kwenye kalenda ya simu weka tarehe mbili, ya miezi mitatu na ya miezi sita, za kujaza zile sentensi tano tena. Yule mtu wako wa Jumapili naye mpigie mwambie aanze kukuuliza upya.